Mwimbishaji wa Tatu wa Reli ya Kigwe

Jumanne, 10 Mei 1910

Wabeba vyuma wamenipanga wa tatu! Na sisi waimbishaji, tunaowaimbia ili wabebe reli kwa hatua moja, tuko watatu tu. Wa kwanza Matonya, wa pili Halfani, wa mwisho mimi. Matonya! Mgogo aliyetoka machungani juzi, sauti yake ya kufukuzia fisi. Mimi Mbaruku, mzaliwa wa Mpwapwa, nimesoma shule ya Wadachi, natunga kwa vina. Nimewaimbia tangu Dodoma mpaka hapa Kigwe. Asante ya punda mateke.

Alhamisi, 12 Mei

Mnyapara Athuman katangaza: Bwana Mdachi anataka mwimbishaji mmoja tu. Watakaobaki watabeba chuma. Mimi — chuma begani!

Rafiki yangu Sostenes, mbeba chuma, kanishauri nifupishe mistari, niwaachie watu nafasi ya kuitikia. Nikamwambia ushairi haufundishwi na bega. Akacheka.

"Bwana Mbaruku, wewe tunakupenda, ila tunakusikiliza mno."

Kwani kusikilizwa ni kosa?

Ijumaa, 13 Mei

Zamu ya Matonya. Mstari mmoja, asubuhi mpaka jioni: ng'ombe wangu mwekundu kapotea, nani kamwona? Wote: "Hatujamwona!" Chuma juu. "Hatujamwona!" Chuma chini. Upuuzi mtupu. Hata mpishi aliitikia kule jikoni. Mguu wangu ulitikisika — nzi tu.

Jumamosi, 14 Mei

Zamu yangu. Niliwaimbia utenzi mpya, nikaivuta sauti pale penye kina. Watu kimya! Nikasema moyoni, leo wamejua mwimbaji ni nani.

Kumbe wa mbele wanakwenda, wa nyuma wamesimama wananisikiliza. Chuma kikawaponyoka. Kikaangukia mguu wa Sostenes. Ule ukelele!

Athuman hakunitukana. Alinirushia kata ya begani, ile ya kubebea chuma, akaenda zake.

Jumapili, 15 Mei, njiani kwenda Dodoma

Gari la moshi limeharibika. Tunambeba Sostenes kwa machela mpaka kwa daktari. Mguu umevimba, homa imempanda. Tukipishana hatua kidogo tu, machela inayumba naye analia kama mtoto. Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma.

Nilianza kumwimbia polepole, nimpoze. Akanishika mkono.

"Si wewe, ndugu yangu. Mwache Matonya aimbe."

Mbele ya wote! Na Matonya hakucheka — hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kaniuliza kama bega linaniuma. Ati! Mchunga ng'ombe anionee huruma mimi!

Tumetua tunywe maji. Sasa wanainuka. Nafasi yangu ni nyuma, upande wa mguu mbovu. Matonya keshaanza: ng'ombe mwekundu, tena! Shairi bovu, halina kina hata kimoja. Wenzangu wameitikia. Sostenes kafumbua macho, ananitazama mdomo, aone kama nami nitaitikia —