Mafiga Yaliyohama

Mjukuu wangu Oliva,

Marahaba. Baridi ya Katandala imenishika magoti, lakini natembea. Mjomba wako yuko Kasanga, hajambo.

Unauliza wewe na wenzako mtaanzaje kujenga na kuishi kwenye kiwanja kimoja. Mimi, Yustina na Mama Beno tulianza kwa kugombana. Tulikubaliana nyumba tatu, ua mmoja na jiko moja, kisha nikaona aibu wenzangu wajue ninachokula, nikajenga jiko langu nyuma ya nyumba.

Mwaka ule nikafiwa na babu yako, hayo niyaache. Niliporudi kutoka makaburini, jiko langu halikuwa na mafiga. Yustina alikuwa ameyahamishia jiko la wote.

"Sasa nitapikia wapi?" nikamuuliza.

"Kaa hapo, ugali unaiva."

Toka siku hiyo tukawa kaya moja.

Wenzangu wametangulia, na watoto wao wamezungushia nyumba zao ukuta. Andikeni makubaliano yenu, ni vizuri. Ila mmoja wenu atabaki wa mwisho. Mimi mpaka leo sijajua kupika ugali wa mtu mmoja.

Bibi yako,
Anastazia