Mishale ya Mke Wangu Ukutani

12 Machi

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Naomba unisaidie, maana nina jambo ambalo wengine wangelishukuru na mimi linaninyima raha. Mimi ni fundi friji, mke wangu alifariki mwaka jana, alikuwa ofisi ya mipango ya jiji, kazi yake kuchunguza jiji linavyotumia nishati, naye alilichunguza kama watu wanavyochunguza msitu, nani anamla nani na nani anaishi kwa mabaki ya nani. Ukuta wetu wa sebuleni aliujaza karatasi ya maduara na mishale, duara la mitambo ya umeme, la viwanda, la magari, la maduka, la ofisi, la majumbani, na alikuwa akiniambia, "Fundi, usiishie mshale mmoja, fuata mpaka mwisho. Saruji imekula umeme, duka limejengwa kwa saruji, basi duka limekula umeme ambao halikuuwasha." Hata friji zangu hakuziacha, aliweka kiganja nyuma ya friji na kuniuliza, "Baridi yako imemtupia nani joto?"

Wenzake watatu wa ofisini walizoea kuja Jumamosi kuifanyia kazi karatasi hiyo, kwa kuwa ofisini hakuna ukuta wa kuitosha, na baada ya mazishi waliniuliza kama waendelee, nikasema karibuni, na sasa naona Jumamosi inachelewa kufika, nachemsha chai, wao wanabishana, mmoja ananitania, "Baba Friji, gesi ya chai hii tuihesabu ofisini au majumbani?" nami namjibu, "Ihesabu kwa wavivu," basi tunacheka.

Juzi dada yangu mkubwa alitukuta katika kicheko hicho, akasimama mlangoni na mkoba wake begani, akasema, "Hii ni nyumba ya msiba au ya harusi? Mwenzio yuko udongoni." Wageni wakainamisha vichwa. Anataka karatasi ibanduliwe na ukuta upakwe rangi, na rangi ameshanunua. Shangazi, dada huyu ndiye aliyenilea, sijawahi kumpinga, lakini karatasi ikitoka wale hawatakuwa na sababu ya kuja, na nyumba itanyamaza. Je, nakosea kuwa na furaha?

Fundi Friji

*

Fundi,

Pole kwa msiba, na sasa nikugombeze kidogo. Mtu mzima unaomba ruhusa gazetini ya kucheka sebuleni kwako? Hujamkosea marehemu. Alikuachia ukuta unaoleta watu, na wewe umewafungulia mlango. Hilo ni jema.

Lakini karatasi yenyewe hujaisoma vizuri. Mke wako alikwambia ufuate mshale mpaka mwisho, wewe umeishia mlangoni aliposimama dada yako. Mwanamke amekulea, amemzika wifi yake, anafika anakuta vikombe vinne mezani na kila mtu ana la kufanya isipokuwa yeye. Wewe una Jumamosi zako. Yeye analia na nani? Umewahi kumuuliza? Nadhani hujamuuliza, maana ungemuuliza ungeniandikia.

Mpigie simu kabla ya Jumamosi, na usimtumie ujumbe ukajificha nyuma yake. Mwambie wazi, "Dada, karatasi haitoki. Ila njoo nikuoneshe wifi yako alikuwa akifanya nini." Toa kikombe cha tano. Waambie wale wenzake marehemu wamuulize dada yako kwake wanapikia nini, mkaa au gesi, na tangu lini, maana duara la majumbani halijazwi kwa kukisia. Wampe penseli aandike mwenyewe. Akinuna Jumamosi ya kwanza, mwalike ya pili. Mtu aliyekulea hachoki upesi, nawe usichoke upesi.

Na ile rangi usiiache ikauke kwenye kopo. Pakeni chumba cha kulala, wewe na yeye, mkimsimulia marehemu.

Mkimimina chai Jumamosi, nami mnikumbuke.

Shangazi