Kukaza na Kuachia

Jumatatu, 14 Julai
Leo kliniki. Nesi Janvier amenifundisha kukaza na kuachia. Nalala chali, nakunja ngumi, navuta pumzi, naachia pole pole. Halafu mabega, miguu, uso. Kifafa changu hupenda kunijia nikiwa na wasiwasi, na wiki hii wasiwasi ni tele — Jumamosi ni gusaba, Ndahiro anakuja na ukoo wake kuniomba! Janvier kasisitiza: "Hii ni ya kusaidia dawa tu. Vidonge usiache hata siku moja."

Jumatano, 16 Julai
Nimelala nakaza ngumi, Mama akaingia. Akadhani nimeshikwa, akanirukia, akanigeuza ubavu. Nimecheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akauliza: donc, kumbe hii haina kopo ya vidonge, mutu hawezi kuona? Nikasema hawezi. Uso ukamng'aa. Heri ningenyamaza.

Alhamisi, 17 Julai
Vidonge havipo. Mama kavificha. Mashangazi wa Goma wamefika, wanalala chumbani kwangu, wanafungua kila droo. "Mazoezi yako itatosha. Gusaba ikiisha nitakurudishia." Nikasema basi nimweleze Ndahiro. "Ukisema, hakuna mutu atakuja." Kachukua na simu, eti bibi harusi apumzike. Mlangoni kuna shangazi daima. Namchukia Mama leo. Naandikia chooni.

Ijumaa, 18 Julai
Nimekaza, nimeachia. Mkono wa kushoto unarukaruka wenyewe.

Jumamosi, 19 Julai
Chumba cha nyuma, nimeshavaa mushanana, vazi la sherehe. Bibi harusi haonekani mpaka aombwe. Uani wasemaji wa koo mbili wanataniana tangu asubuhi. Wa kwetu anadai sipo, nimeenda ziwani Rubona kununua samaki wa sambaza. Watu wanacheka. Mimi nakaza, naachia. Mkono haukubali kuachia. Puani nasikia mpira unaungua, na hapa hakuna kinachoungua. Ndivyo kifafa huwa kinaanza.

Vestine, dada yake Ndahiro, kapenya kuja kuniona. Kauona mkono. "We uko na nini?"

Nimemwambia. Mpaka jina la ugonjwa.

Hakushangaa wala hakunikumbatia. Kaweka mto sakafuni. "Kaa hapa chini. Usitoke, hata wakikuita."

Ametoka. Namsikia kupitia dirisha. Hakumfuata mama yangu, amemfuata wake, anamweleza nilichomwambia. Msemaji wao amekatisha utani. Nasikia viti vinasogezwa; sijui wanaondoka au wanakuja huku.