Maandishi Madogo ya Chini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lako. Goti lako limekuachia, au bado linatabiri mvua? Mimi sijambo, nashona mapazia kama kawaida, na cherehani yangu bado ina nguvu kuliko vijana wa siku hizi. Utaona mwandiko wa barua hii umenyooka kuliko ule unaoujua. Usiulize kwanza. Kila jambo na zamu yake.

Habari kubwa ni za mwanao, huyu niliyemzaa mimi. Ndiyo, binti yule yule uliyesema hatafika popote kwa kuchora pua za walimu pembeni mwa daftari. Sasa ndiye anayemchora Kurunzi! Najua utauliza Kurunzi ni nani, basi kaa chini, maana si mtu wa kuelezwa wima.

Kurunzi ni shujaa wa vitabu vya katuni, mwenye taa kifuani. Akimmulika mwongo, mwongo husema kweli papo hapo. Alianza kupambana na waovu kabla mwanao hajazaliwa na mpaka leo hajaota hata mvi moja. Ningejua anapaka mafuta gani ningekutumia chupa. Kila mwezi hutoka vitabu vyake vinne, kimoja kila wiki: cha kwanza chake mwenyewe, cha pili cha wenzake, cha tatu cha mtaa anaoishi, cha nne cha maadui zake. Hadithi ni moja, ila inaruka. Akisukumwa kutoka ghorofani katika cha kwanza, hafiki chini mpaka cha pili. Ni kama pazia la vipande vinne, ukikosea kuunganisha, maua yanasimama kichwa chini. Mwanao anachora kile cha mtaa, ambacho ndicho bora, na sisemi hivyo kwa sababu mimi ni mama. Wateja wangu wote wanajua. Juzi mwalimu mmoja alikuja na vipimo vya dirisha, nikamweleza habari za Kurunzi mpaka chai yake ikapoa, akasema mama, mimi nilitaka pazia tu.

Sasa mwezi uliopita nikaumbuka. Nilimpigia mwanao simu kumpongeza, na kumgombeza kidogo. Nikamuuliza inakuwaje Kurunzi azikwe, mtaa mzima ulie, jirani azimie makaburini, halafu katika kitabu kinachofuata yuko mezani anapaka mkate siagi na hakuna anayeshtuka. Kisha akauliza nimevisoma kwa mpangilio gani. Nikasema kwa mpangilio wa watu wenye akili: cha mtaa miezi yote mpaka mwisho, ndipo nikashika cha wenzake. Akauliza kama sikuona yale maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho, yanayosema hadithi inaendelea katika kitabu kipi. Nikajibu kwa ujuvi wangu kwamba nilidhani ni anwani ya kiwanda cha kuchapa.

Alicheka, dada, mpaka na mimi nikacheka. Halafu akaacha ghafla, akasema mama, maandishi hayo umeyafuata siku zote bila kukosea. Kuna mtu anakusomea? Nikasema nimeikalia miwani. Uongo ulinitoka mzima mzima, hauna hata mshono.

Wewe nakuambia kweli bila kumulikwa. Anayenisomea tangu mwezi wa pili ni fundi viatu wa kibanda cha jirani. Yeye ndiye aliyesema ni anwani. Yeye ndiye anayeandika barua hii, mimi natamka. Hapa ananung'unika kwamba asichafuliwe jina, nimemwambia aandike tu. Unajua nina mtoto mmoja. Kumbe ninao watatu: mchoraji, na hawa wawili wa jicho, mmoja kulia, mmoja kushoto. Daktari amesema mtoto wa jicho hutolewa, watu wanaona tena. Kwa sasa naona mwanga na umbo la mtu. Sindano natunga kwa kupapasa, mshono nausoma kwa kidole.

Mwanao sijamwambia. Nilimnyang'anya penseli ngapi, nikisema kuchora kutamharibu macho! Kumbe macho ya kuharibika yalikuwa yangu. Na akijua ataacha kazi yake aje, na Kurunzi apewe mchoraji mwingine. Tena kuna hili, ambalo hata fundi viatu analisikia leo akiliandika: naogopa. Nimepangiwa siku mara mbili, nikafika hadi mlangoni kwa daktari, nikarudi kushona.

Lakini wiki iliyopita kimetoka kitabu kikubwa, pale vitabu vyote vinne vinapokutana. Mwanao amekichora chote peke yake, na jina lake liko kwenye jalada. Nimelipapasa jina hilo asubuhi nzima, lakini karatasi ni laini, haishikiki kwa kidole. Amesema ndani amenichorea kitu changu. Nilipomuuliza ni nini, akasema utakiona mwenyewe. Fundi viatu alitaka kukifungua, nikampiga mkono. Kimelala kwenye droo ya cherehani.

Mara hii ya tatu nimepangiwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, jicho la kulia. Njoo, dada. Nikigeuka mlangoni, nisukume ndani kama ulivyonisukuma siku ya kwanza ya shule. Mwanao nitamwambia mwenyewe, siku nitakapoweza kumtajia alichonichorea. Na wewe unayeviita vikaragosi, utakaa karibu nami nikusomee, ukurasa kwa ukurasa, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Fundi viatu naye anakusalimu, nimemruhusu. Jina hapa chini nimeliandika kwa mkono wangu, ndiyo maana limepanda mlima.

Mdogo wako akupendaye,
Mama wa Mchoraji