Mama, Wananifundisha Kufunga Mlango

Mama yangu,

Naogopa. Ungekuwa hai ungeniangalia tu usoni ukajua, nami ningekataa, halafu ungenipikia uji tukanyamaza pamoja. Sasa hakuna wa kuniangalia namna hiyo, basi naandika.

Tangu utuache wamenivika kofia nyekundu. Usicheke. Pale nyumba ya wazee Seven Hills, kila zamu lazima iwe na msimamizi wa moto, mtu wa kuwatoa wengine king'ora kikilia. Meneja alinichagua kwa kuwa mimi sina kelele. Hajui kwamba nanyamaza kwa woga.

Wakatuita mafunzoni. Mwalimu, mwanamke wa Kizungu aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto, akatupa mpangilio: wanaotembea watangulie, wa viti vya magurudumu wafuate, wa kitandani wawe wa mwisho. Nikanyoosha mkono nikaomba arudie. Akarudia vilevile. Mama, wewe ulinilea kinyume. Siku tuliyokimbia nyumbani, Koko, bibi yetu, ndiye aliyetoka wa kwanza, mgongoni kwa Papa, na sisi wenye miguu tukajikokota nyuma na masufuria. "Asiye na miguu ndiye anatangulia," ulisema, na hakuna aliyebisha.

Basi zoezi lilipoanza nikafanya kama ulivyonifunza. Wanjiru, yule nesi Mkenya aliyekuwa anakuletea machungwa, alikuwa amelala kitandani akijifanya mgonjwa. Nikawapita wote, nikamfunga mgongoni kwa shuka, nikatoka naye. Unajua alivyojaaliwa mwili. Koridoni magoti yakaniishia, tukaanguka wote wawili, watu wakacheka mpaka machozi. Wanjiru akaninong'oneza pale chini, "Wee Mama Esther, hii kazi ni ya procedure, si ya huruma!"

Mwalimu hakucheka. Alinionyesha nyuma yangu. Waliokuwa wanaigiza wazee wa fimbo walikuwa wamesimama kwenye msururu, hawana pa kupita.

Nikaelewa. Ila woga haukutoka, maana lililobaki lilikuwa baya zaidi. Ukimwacha wa kitandani, mwalimu alisema, unamfungia mlango, kwa kuwa mlango uliofungwa huzuia moshi. Mtaje jina, mwambie utarudi, vuta mlango, na urudi kweli.

Mlango, Mama! Wewe uliyelia kila nilipousogeza mlango wa chumba chako hapa Guildford, Uingereza, miguu ilipokwisha kukukataa. "Usinifungie mulango, miye siko mbuzi." Nikakuachia wazi na baridi yake yote, mpaka siku walipokuja kuuchukua mwili wako.

Juma lililopita king'ora kililia, na halikuwa zoezi. Mashine ya kukaushia nguo ilishika moto mwisho wa korido, moshi ukaanza kuja upande wetu. Nikaingia kwa Bi Carmela, bibi wa Kiitaliano ambaye hajasimama tangu nimjue. Alikuwa ameshanyoosha mikono abebwe. Nawe ulikuwa unainyoosha hivyohivyo. Nyuma yangu wazee wa fimbo wananisubiri niwaonyeshe njia, mmoja ameshaanza kukohoa. Nikasema, "Carmela, nitarudi." Nikavuta mlango. Nikamsikia anaita huko ndani, nami nikaenda zangu.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata barabarani kule tulikotoka. Kule tuliogopa watu. Hapa nilijiogopa mwenyewe, mtu anayeweza kumfungia bibi kizee na kuondoka. Niliwapitisha wazee kwenye mlango mzito wa kuzuia moshi, kofia ikanianguka na sikuiokota.

Niliporudi na Wanjiru, macho yalikuwa yanachoma, hatuoni ukuta. Bi Carmela alikuwa haiti tena. Nikaugusa mlango kwa nyuma ya kiganja, kama tulivyofunzwa. Ulikuwa wa baridi. Nikasimama pale nimeshika kitasa, Mungu anisamehe, naogopa kufungua.

Wanjiru akanisukuma. Ndani hewa ilikuwa safi, Mama. Safi kabisa, hata harufu ya poda yake niliisikia. Alikuwa amenyamaza tu, ananitazama, mikono bado ameinyoosha. Tukamkokota nje na godoro lake. Zimamoto walipofika, moto wenyewe ulikuwa mdogo wakauzima mara moja. Mimi ndiye niliyetapika kwenye maegesho ya magari.

Kazini wananisifu sasa. Meneja ameleta keki. Lakini nikifumba macho namsikia akiita nyuma ya mlango, na sauti ni yako. Kesho naingia zamu tena. Naogopa king'ora, na zaidi naogopa siku nitakayofungua nikute kimya cha kweli.

Mlango wa chumba chako uko wazi mpaka leo. Esther wetu analalamika kwa baridi, "Mum, it's freezing, just close it," nami namjibu kesho, kila siku kesho. Blanketi lako bado limekunjwa juu ya kiti.

Kwaheri, mama yangu. Nikimaliza barua hii naenda kuufunga mlango wako. Nitasimama pale kizingitini, nitataja majina yako yote, la ubatizo na lile la kwenu, nitakuambia nitarudi, ndipo nivute. Usiogope humo ndani. Ukiniita nitasikia, na ninakuahidi, hata nikiwa natetemeka, kitasa nitakifungua mwenyewe bila kusukumwa.

Mtoto wako,
Furaha