Saumu wa Hamburg

Saumu, shoga yangu,

Nimepata kazi. Mbili kwa mpigo. Najua ungepiga kigelegele mpaka wapangaji wote watoke nje, halafu ungeniuliza swali moja tu: wapi? Basi ndo ishu yenyewe hiyo. Moja iko Kanada, mji wa Calgary. Nyingine iko Hamburg.

Ndiyo. Kwako.

Kila mtu ananichagulia. Mama anasema Hamburg, si kuna wenzake Saumu, utapokelewa. Kaka anasema Hamburg, Saumu alishakusafishia njia. Nikisikia hivyo nanuna. Tangu chuoni mie nilikuwaga "yule rafiki yake Saumu", na wewe hukuwahi kuwa "yule rafiki yake Ansila". Sasa haupo, bado napelekwa nyuma yako.

Na safari hii tuliipanga wote. Kitandani kwangu hapa Kipawa, ubavuni mwa uwanja wa ndege, laptop mbili magotini, tukichambua nchi kama watu wanaotafuta mchumba. Hii baridi. Hii lugha ngumu. Hii vibali vyao vinachosha. Hii watakusumbua na hijabu yako. Usaili wa Hamburg uliufanyia kwangu kwa sababu Mbagala umeme ulikatika, na kila ndege iliposhuka ulizima maikrofoni, ukaiangalia kamera kwa utulivu kama mtu anayelitafakari swali. Wajerumani wakakuona una hekima! Tulicheka mpaka ukapaliwa. Siku unaondoka ukaniambia, "Mie natangulia, nakuwekea nafasi."

Baada ya miaka miwili ukarudi kwenye jeneza. Damu iliganda kwenye mapafu, walisema. Asubuhi kazini, jioni hakuna mtu.

Nilikwenda na mjomba wako kukupokea upande wa mizigo. Kulia nilishajiandaa kulia. Sikujiandaa kwa Njeri.

Nilimjua kidogo, yule Mkenya uliyepanga naye nyumba, anapita nyuma yako kwenye video akiwa na kikombe. Yeye ndiye aliyekuleta. Walipokutoa, alikaa chini sakafuni na kuita, "Karafuu! Karafuu wangu!" Nikamuuliza mjomba Karafuu ni nani. Njeri ndiye aliyejibu. Alisema kule walikuita hivyo kwa sababu ulikuwa unatia karafuu kwenye kila chai.

Saumu, kwangu ulikunywa chai ya tangawizi miaka yote. Ulianza lini karafuu?

Msibani ikawa mbaya zaidi. Pale mkekani, ubavuni kwa mama yako, nilipokaa mie alipofariki baba yako, alikaa yeye. Alilala kitandani kwako. Mama yako alimfunga doti yako ya kanga kwa mikono yake mwenyewe. Waliokuja kutoa pole walimshika yeye kwanza, "pole mwanangu", mie nikawa uani nasugua masufuria ambayo yalishatakata. Alijua ulikula nini siku ile ya mwisho. Alijua unaogopa lifti, unapanda ngazi mpaka juu na begi la kazi. Alijua unaimba bafuni. Kila alipofungua mdomo wanawake walimsogelea, nami nikahisi nanyofolewa. Nilimchukia. Hata kulia alilia vizuri kunishinda.

Sasa nilipopata hizi kazi, sijui nani kamwambia, akanipigia. "Ansila, kuja Hamburg. Chumba chake bado sijampa mtu."

Chumba chako! Yeye ndiye wa kunipa!

Nikamwambia nitafikiria. Nilipokata simu tu nikakaa kuwaandikia watu wa Kanada kwamba nakubali. Sababu nilikuwa nazo, tena nzuri. Kiingereza ninacho, Kijerumani changu hata kununua nyanya hakitoshi. Ukaazi wa kudumu unaeleweka. Mshahara unaeleweka. Ningeweza kumweleza mtu yeyote bila kulitaja jina la Njeri. Sikutuma. Nilisema kwanza nikamwambie mama yako, asije akasikia mitaani.

Nikaenda Mbagala Jumamosi. Nilimkuta barazani anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza Calgary yote, na theluji yake. Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Huko Saumu aliwahi kufika?"

"Hapana, mama."

Akaendelea na mchicha wake. Mie nikadhani yameisha.

"Yule binti wa Kenya ananipigiaga," akasema. "Ananisimulia mwanangu. Nami namwambia ahsante, mama, Mungu akubariki. Nikikata simu namwonea wivu. Mie ndo nilimzaa, Ansila. Leo mtu baki ananifundisha Saumu alikuwa anapenda nini."

Nikamwambia nilidhani anampenda. Kwenye msiba alimkumbatia usiku na mchana.

"Nilimng'ang'ania," akasema. "Yeye ndo alikuja na Saumu wa mwisho. Nilitaka asiondoke mpaka aseme yote."

Hakuniambia niende Hamburg. Alinisukumia fungu la mchicha tu, tukachambua wote, tukawa tunalia bila kuangaliana.

Niliporudi Kipawa niliwaandikia Kanada nikawashukuru, nikasema hapana. Naenda Hamburg, Saumu. Usije ukadhani nimekuwa mwema. Naenda kwa wivu uleule. Nitakaaje Calgary na salama zangu wakati kuna mtaa mzima ambao muuza mikate anakujua, na ofisi yenye watu wanaosikitika wakipita penye meza yako, na mie siwajui hata sura? Miaka miwili ile ni yako, na mie sina hata kipande. Nakuja kuchukua changu.

Chumba chako sikitaki. Nimempigia Njeri nimemwambia nitapanga kwingine, upande wa pili wa mji. Nikamsikia ameshusha pumzi. Kumbe naye hakutaka nilale mle! Nikamuuliza. Akacheka, akasema, "Wewe hujui. Kila siku Ansila, Ansila. Ansila angecheka hii. Ansila angelijua hili. Nilikuwa nishachoka na wewe kabla sijakuona."

Nilifurahi, Saumu. Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima, nilikuwa natembea naongea peke yangu.

Visa imetoka. Nakuaga kwa maandishi, kwa sababu nilipokuja makaburini mjomba wako alisimama karibu, na mie mbele za watu siwezi kusema mambo haya. Lala, shoga yangu. Mwenyezi Mungu akulaze pema, kwa dua zenu na kwa sala zetu.

Siahidi kumpenda Njeri. Naahidi nitakaa naye meza moja, nimwache aseme mpaka amalize, hata pale anapokujua kunizidi. Yote nitampelekea mama yako, kwa sauti yangu mie, ayapate kwa mtu wa nyumbani. Halafu nami nitaanza, tangu siku ya kwanza chuoni, na Njeri naye anyamaze, aumie kidogo.

Ansila wako