Kikao cha Kuamua Ng'ombe wa Sherehe ya Msomi na Maombi ya Ruthu

UMOJA WA KUSOMESHA VIJANA, GULWE

Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996, katika ghala la zamani la ushirika.

Waliohudhuria:
1. Bw. Abeli Ndahani – Mwenyekiti
2. Bw. Sila Masaka – Katibu (hapigi kura)
3. Bi. Anyesi Mtalo – Mweka Hazina
4. Bi. Mwantum Ramadhani – Mjumbe, mama lishe wa stesheni
5. Bw. Petro Chilewa – Mjumbe
6. Bw. Fredy Chibago – Mjumbe. Msomi wa kwanza wa Umoja, alihitimu 1994

Mwalikwa: Ruthu Matonya, aliyechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu.

Hakuhudhuria: Bw. Seth Mhembano. Hakutoa taarifa. Ameonekana kilabuni.

KUMB. NA. 21/96: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:40 asubuhi badala ya saa 3:00, kwa kuwa ghala lilikuwa limefungwa na ufunguo anao yeye.

KUMB. NA. 22/96: MAOMBI YA RUTHU
Ruthu alieleza kwamba anatakiwa kuripoti chuoni tarehe 7 Oktoba. Serikali itamkopesha chakula na malazi, lakini mkopo hutoka baada ya kuripoti. Nauli, amana, usajili na vitabu vya kuanzia siku hizi ni juu ya mwanafunzi. Baada ya baba yake kuuza mbuzi waliobaki, zimepungua sh. 84,000. Asiporipoti, nafasi atapewa mwingine.

Mweka Hazina alieleza kwamba mfuko una sh. 6,150. Mali pekee ni ng'ombe dume, aliyenunuliwa akiwa ndama kwa ajili ya kumpongeza Bw. Fredy atakapopata kazi. Sherehe hiyo imeahirishwa mara tatu. Sasa imepangwa tarehe 28 Septemba, na Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wa Bw. Fredy, ameshawaalika Diwani na maofisa wawili wa wilaya.

KUMB. NA. 23/96: FAIDA YA SHAHADA
Bw. Petro alitaka kujua shahada inalipa nini kabla ng'ombe hajaguswa. Bw. Fredy, aliyekuwa amevaa suti, alieleza kwamba yeye ni ofisa katika kampuni moja Dodoma na anapata sh. 180,000 kwa mwezi, mbali na posho. Wajumbe walipiga makofi. Mwenyekiti alipiga kwa muda mrefu zaidi.

Bi. Mwantum alitoa hoja kwamba, ikiwa ni hivyo, ng'ombe achinjwe kama ilivyopangwa na Bw. Fredy amlipie Ruthu, kwa kuwa ni chini ya nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Wote waliunga mkono, Mwenyekiti akiwemo. Bw. Fredy aliulizwa ataleta fedha lini. Aliomba maji ya kunywa. Kisha aliomba kuzungumza na mjomba wake nje. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kikaoni hakuna mjomba.

Katibu alieleza kwamba shajara yake ya tarehe 9 Juni mwaka huu inaonyesha Bw. Fredy alifika kwake kuomba nauli ya kurudi Dodoma.

Bw. Fredy alikiri kwamba anaandika risiti katika duka la mabati kwa sh. 30,000, kwamba Serikali haiajiri, na kwamba suti ni ya mwenye nyumba wake.

Bi. Mwantum alisema: "Mwanangu, hiyo mimi naipata kwa wiki mbili, chai na maandazi tu. Treni ikichelewa, wiki moja."

Bw. Petro alicheka. Aliombwa atoke nje hadi amalize.

KUMB. NA. 24/96: NG'OMBE
Mwenyekiti alieleza kwamba kwa taarifa hii sherehe inahitajika kuliko mwanzo. "Wageni hawaulizi mshahara. Wanauliza nyama."

Bw. Petro, baada ya kurudi, alishauri kwamba kama shahada ni ya kuandikia risiti, binti afundishwe maandazi. Ruthu aliomba nafasi ya kusema, akapewa.

"Mzee Petro, maandazi nakaanga tangu darasa la nne, na ndiyo yaliyoninunulia daftari mpaka kidato cha sita. Sikuja hapa kuwaahidi mshahara. Nimekuja kuomba nifike."

Kura zilipigwa. Sherehe: wawili (Mwenyekiti na Bw. Petro). Kuuza: wawili (Bi. Anyesi na Bi. Mwantum). Mwenyekiti alitangaza kwamba anatumia kura yake ya uamuzi. Mweka Hazina alimkumbusha kwamba Bw. Fredy ni mjumbe na hajapiga. Bw. Fredy alivua koti.

"Muuzeni. Sherehe hiyo nimeikwepa miaka miwili. Mkinichinjia, kila atakayekula nyama ataniomba kazi."

Iliamuliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba ng'ombe auzwe mnada wa Jumatano. Atapelekwa na Bi. Anyesi na Bi. Mwantum. Mwenyekiti hatasumbuliwa kwenda.

KUMB. NA. 25/96: TAARIFA KWA WAGENI
Mwenyekiti alipendekeza wageni waandikiwe kwamba ng'ombe amekufa kwa ugonjwa. Mweka Hazina alionya kwamba mmoja wa wageni ni ofisa mifugo: atafunga mnada, na ng'ombe hatauzika. Mwenyekiti alikubali kwamba hakuliona hilo.

Bi. Mwantum alipendekeza maneno mengine, yakapitishwa, Mwenyekiti akipinga. Barua itasomeka: "Sherehe haipo. Ng'ombe wetu amechaguliwa kwenda Chuo Kikuu na ataripoti tarehe 7 Oktoba."

Mwenyekiti aliagizwa aitie saini barua hiyo kabla ya kutoka ghalani. Kikao kilivunjwa saa 7:15 mchana. Barua ilisainiwa saa 8:05.

A. Ndahani, Mwenyekiti (amesaini baada ya kusomewa mara mbili)

S. Masaka, Katibu